Walezi wa Vifurushi

Machi 2024 iligundulika kwamba mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila kompyuta ya Linux. Ulikuwa katika matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1. Debian, mradi unaosambaza mfumo wa Linux, wakaamua kurudi 5.4.5. Tatizo, kompyuta hupokea toleo lenye namba inayopanda, haipokei inayoshuka. Basi kifurushi, yaani programu iliyofungwa tayari kusakinishwa, kikatoka kwa jina hili: 5.6.1+really5.4.5-1. Kwa nje 5.6.1, kwa hakika 5.4.5, na ukweli wenyewe umeandikwa mlangoni, kila apitaye ausome. Nalipenda sana jina lile.

Tangu 1993 Debian inajengwa na watu wa kujitolea. Mwandishi wa programu ni mwingine. Mlezi wa kifurushi husimama kati yake na sisi. Huusoma msimbo ambao hakuuandika. Hupitia leseni faili kwa faili, akaandika haki ni ya nani. Hushona viraka, hupokea malalamiko ya watu asiowajua, yanayomhusu mwandishi humfikishia. Mengi ya hayo huyafanya usiku, baada ya kazi inayomlisha. Sisi tunaandika amri ya kusakinisha, apt install, tunangoja sekunde chache, basi.

Na mkono wake ukiteleza? Mwaka 2006 mlezi mmoja alizima mistari miwili katika OpenSSL, programu inayotengeneza funguo za siri, kwa sababu chombo cha ukaguzi kilikuwa kikiilalamikia. Aliuliza kwanza. Hata hivyo, mmoja wa mistari ile ndio uliokuwa ukizifanya funguo zisibashirike. Kwa kila aina na ukubwa, funguo zinazowezekana zikabaki takriban 32,768 tu. Kosa lilikaa hadi Mei 2008. Debian walilitangaza wenyewe, wakatoa na chombo cha kuzitambua funguo mbovu. Sijui fundi anayeweza kutakiwa zaidi ya hapo.

Wajibu ninaouheshimu kuliko wote ni wa kusema nimechoka. Mlezi asiyeweza tena hukitangaza kifurushi chake kuwa yatima. Ndilo neno lao hasa. Kinaingia kwenye orodha, kinangoja. Siku moja mtu asiyelipwa chochote anakichukua, na katika kumbukumbu ya mabadiliko, juu ya miaka yote ya mwenzake, anaandika mstari wake wa kwanza: mlezi mpya. Chini yake jina, tarehe na saa.