Uzee, Wasia na Msikilizaji katika Utendi wa Mwana Kupona

Penye wazee, wasema Waswahili, haliharibiki neno. Methali hiyo haielezi mzee ni nani. Katika Kiswahili, neno mzee ni hesabu ya umri na pia ni cheo, ambacho mtu hupewa na wale wanaokubali kumsikiliza. Saikolojia ya Magharibi, kwa upande wake, imeelekea kuuona uzee kuwa hatua ya mwisho ya safari ya mtu binafsi. Katika nadharia ya hatua nane aliyoitoa mwaka 1950, Erik Erikson aliuweka hapo mvutano baina ya ukamilifu wa nafsi na kukata tamaa.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, unaitatiza mipaka hiyo. Mtunzi wake, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, anakadiriwa kuwa hakuwa ametimiza miaka hamsini. Hata hivyo, anazungumza kwa mamlaka ya mzee. Kinachompa mamlaka hayo ni maradhi ya mwaka mzima na ukaribu wa mauti. Anamwita bintiye aketi na wino na karatasi, anamuusia, anaikumbuka ndoa yake, kisha anageukia dua. Robert Butler alieleza mwaka 1963 kwamba mtu huyapitia upya maisha yake anapotambua kuwa kifo kimekaribia, hata akiwa kijana. Utendi unaafiki kauli hiyo, ila unaonyesha kwamba mapitio hayo hayaishii moyoni mwa anayekumbuka, yanahitaji mrithi.

Toleo la Alice Werner na William Hichens la mwaka 1934 liliuita utendi huu, kwa Kiingereza, nasaha juu ya wajibu wa mke. Aghalabu uhakiki uliofuata, wa kusifu na wa kulaumu, umebaki papo hapo. Lawama kuhusu utiifu wa mke kwa mume zina msingi, lakini hazitoshi mpaka iulizwe ni nani anayeagiza. Amri ya mume yaweza kujadiliwa. Wasia wa mama mgonjwa ni vigumu kuujadili. Binti hapewi ubeti wa kujibu.

Kwa hiyo, hekima ambayo Erikson aliihesabu kuwa tunda la uzee, katika utendi huu ni tunda na pia ni kifungo. Uhakiki wa uzee katika fasihi ya Kiswahili hauna budi kumtazama anayeusia pamoja na yule anayelazimika kusikia.