Visigino Vumbini

Niliiona kwenye kibanda umiza, nimebanwa kati ya dereva wa bodaboda na mtoto wa miaka kama tisa aliyeshika karanga za kuchemsha kwenye kifuko cha gazeti. Ilikuwa picha ya Kichina, lakini hatukusikia Kichina. Mtafsiri alikuwa ameifunika kwa sauti yake na kuibatiza jina lake mwenyewe, Mti wa Shetani. Askari waliongea kama vijana wa kijiweni, mwanasayansi kama mganga aliyekosa wateja, na mizizi, ambayo haina mdomo, aliipa mdomo. "Nimefuata changu," mzizi ulisema, na kibanda kizima kikacheka. Kisha ukamkamata askari mguuni ukamvuta kinyumenyume, na kicheko kikakatika. Yule mtoto akapandisha miguu juu ya benchi, taratibu, macho yakiwa bado kwenye televisheni.

Miguu ile imenisumbua. Hakuna aliyedanganyika mle ndani. Kila mmoja wetu alijua kwamba ule ni mzizi wa kompyuta, na mtoto mwenyewe dakika chache nyuma alikuwa ameutania kuwa ni tambi zilizolala. Sasa aliogopa nini pale sakafuni?

Katika kutafuta jibu nimeangalia picha kadhaa za ukoo huo, na niliyoirudia zaidi ni Restart the Earth, kwa Kichina Chongqi Diqiu, iliyotoka mwaka 2021 ikiongozwa na Lin Zhenzhao. Kisa chake unaweza kukisimulia kabla chai haijapoa. Jangwa limeimeza ardhi. Wataalamu wanatengeneza dawa ya kuzidisha seli za mimea ili dunia irudi kijani. Mimea inazidi kweli, inapata akili yake, inaanza kuwawinda watu. Baba mjane, ambaye ndiye stelingi, na binti yake mdogo wamekwama katika mji uliogeuka msitu, wakati kikosi kidogo kinahangaika kufikisha dawa ya kuuzuia mmea kwenye kiini chake. Basi.

Kwa mtazamaji wa China, kisa hicho si cha kubuni kitupu. Mwaka 1978 nchi hiyo ilianza kupanda mikanda mikubwa ya miti kaskazini ili kuukinga mchanga wa jangwa, kazi iliyopangwa kuendelea hadi mwaka 2050. Hata kabla ya hapo, huko Shapotou, Ningxia, watu walikuwa wakipigana na mchanga uliotaka kuifukia reli ya kutoka Baotou kwenda Lanzhou, iliyofunguliwa mwaka 1958. Silaha yao ilikuwa mabua. Waliyachomeka mchangani kwa miraba, mita moja kwa mita moja, maelfu kwa maelfu, mpaka vilima vya mchanga vikawa kama vimetandikiwa wavu wa mvuvi. Mtu aliyekulia katika nchi hiyo amefundishwa tangu shule kwamba mti ni askari wa upande wake. Mwongozaji anapoufanya mti uasi, anamtishia huyo mtu kwa kitu alichokipanda mwenyewe.

Wakazi wa Baringo, Kenya, nao wangekielewa kisa hiki bila mtafsiri. Katika miaka ya 1980 waliletewa mti wa mathenge ili ukinge jangwa na uwape kuni. Mathenge ukakubali kupita kiasi. Ukaziba njia, ukala malisho, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wanajamii wa Ilchamus wakaenda mahakamani Nairobi wakiwa na kielelezo chao: mbuzi kibogoyo. Sijaona bado picha ya maafa yenye tukio zuri kama hilo, na ningempa pole mwandishi yeyote wa filamu atakayejaribu kulishinda.

Lakini kisa, hata kiwe na mizizi mirefu namna gani, hakimpandishi mtoto miguu. Hiyo ni kazi ya fundi, na fundi huyu ana shida kubwa kuliko anayetengeneza simba au zimwi. Mmea hauna uso. Hauna macho ya kukodoa wala meno ya kuonyesha, na mwendo wake wa kweli ni wa polepole kiasi kwamba jicho halitambui. Mwingereza Percy Smith aliutafutia dawa mwendo huo mapema: mwaka 1910, katika The Birth of a Flower, alipiga picha za maua moja moja kwa kuachanisha muda, kisha akazionyesha kwa mfululizo, na watu wakaona petali zikifunguka kama mtu anayeamka. Huo ulikuwa uzuri, haukuwa woga. Ila tangu siku hiyo ilijulikana kwamba ukiuchezea muda, mmea unakuwa kiumbe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwaka 1986, Frank Oz alipotengeneza Little Shop of Horrors, yenye ua linaloimba na kula watu. Ua lilikuwa mwanasesere mkubwa, mzito, aliyeendeshwa na watu kwa nyaya na vishikio. Midomo yake haikuweza kuifuata kasi ya wimbo. Wakafanya hivi: wakapunguza mwendo wa kamera, kisha mwigizaji Rick Moranis, kila aliposimama karibu na ua, akaigiza polepole, akainua mkono polepole, akapepesa macho polepole. Picha iliporudishwa kwenye mwendo wa kawaida, ua likawa jepesi na mtu akaonekana mtu. Tunaosifu lile ua hatujui kwamba tunamsifu yeye. Alijifunza mwendo wa mmea ili mmea uonekane una mwendo wa mtu.

Sasa rudi China, kwa watu wasio na fedha za mwanasesere kama yule. Mwaka 2014 kampuni ya iQiyi ilianza kuzitangaza kwa jina lao filamu zinazotengenezwa kwa ajili ya intaneti tu, zisizopita kwenye kumbi za sinema. Kwa miaka mingi malipo yake yalihesabiwa kwa mtindo unaofaa kuelezwa kwa yeyote anayetaka kuandika hadithi: mtazamaji akivuka dakika 6, mtengenezaji analipwa, akizima kabla, hakuna kitu. Unaweza kuona matokeo yake hata leo. Picha hizi hazianzi na jua linachomoza. Zinaanza na mtu anakimbia. Wenzetu wakosoaji wanauita huo uroho wa biashara, nami siwakatalii, lakini bibi aliyesema "paukwa" naye hakuendelea mpaka asikie "pakawa". Tofauti ni kwamba wajukuu hawakuwa na kitufe cha kuruka kwenda hadithi nyingine. Mwaka 2022 iQiyi ilibadili hesabu, ikaanza kulipa kwa muda wote uliotazamwa, na nadhani hiyo ni haki zaidi, maana sasa fundi anadaiwa pia katikati na mwisho.

Ukishamshika mtazamaji, inabidi umwonyeshe msitu uliomeza mji, nawe huna bei ya msitu. Hapa ndipo picha hizi zinaponifurahisha. Ziangalie kwa jicho la fundi uone zinavyoficha. Mara nyingi ni ukungu, au vumbi, au alfajiri isiyokucha. Si kwa sababu dunia imeharibika, ingawa ndivyo tunavyoambiwa. Ni kwa sababu ukungu unafuta kingo, na kingo ndizo zinazomsaliti mti wa kompyuta. Mzizi huingia kutoka pembeni mwa fremu, ukaonekana nusu, ukatoka. Ukiuonyesha wote, kuanzia shinani hadi nchani, lazima uchore wote.

Na mizizi yenyewe haichorwi mmoja mmoja. Fundi anatengeneza mzizi mmoja kwa uangalifu, gome lake, vinundu vyake, namna unavyojikunja, kisha anauzidisha: huu anaupindua, ule anaurefusha, mwingine anauweka nyuma gizani. Nikiangalia hilo namkumbuka mama wa Pwani anayesuka ukili. Mkeka mzima ni ukanda mwembamba mmoja uliosukwa kwa urefu wa kuchosha, ukashonwa ubavu kwa ubavu. Anayelalia mkeka haoni mshono. Na mkeka ukishonwa vibaya kila mtu anaona, kama ambavyo katika picha ya haraka haraka unaiona mizizi mitatu ikijikunja kwa pamoja, kwa pembe ileile, kama wanakwaya.

Lin Zhenzhao alikuwa amepitia mafunzo mazuri. Mwaka 2018 aliongoza Dashe, picha ya joka kubwa. Nikitazama mizizi yake namwona nyoka: inainua kichwa isichokuwa nacho, inasita, kisha inapiga. Kule kusita ndiko kunakotisha. Mti hausiti, ila anayetaka kuuma husita, na jicho letu linaujua mwendo huo tangu enzi za mapango. Nyoka aliyejifunza kumtengeneza amemvalisha gome.

Bado hatujafika kwenye visigino.

China na Hong Kong zina miongo mingi ya kuwarusha watu angani katika picha za mapanga. Kazi hiyo inaitwa weiya, neno lililotoka palepale lilipotoka neno letu waya. Tumekopa duka moja bila kujuana. Mwigizaji anavalishwa mikanda kiunoni na mapajani chini ya nguo, nyaya nyembamba za chuma zinapita kwenye kapi juu, na upande wa pili kuna wanaume wameshika kamba. Msimamizi anahesabu. Wanaume wanakimbia kuelekea kule, na mtu anapaa huku. Ungewaona ungedhani ni mabaharia wanapandisha foromali ya jahazi: uzito uleule, kuitikiana kulekule, na hatari ileile ya mmoja kuwahi au kuchelewa.

Ufundi huu haukuundwa kwa ajili ya mimea, ila umeukuta mmea ukihitaji mtumishi. Mzizi wa kompyuta hauna uzito. Unaweza kuukuza mpaka ulingane na ghorofa, ukabaki mwepesi kama moshi. Uzito unatoka kwa mtu anayevutwa. Askari anaposhikwa mguu, kinachoaminisha ni vile goti linavyonyooka kwanza, nyonga ikafuata, mabega yakachelewa, kichwa kikawa cha mwisho. Vidole vinatafuta pa kushika. Visigino vinachora mistari miwili vumbini. Hayo hayakuchorwa na kompyuta. Ni mwili wa mtu halisi uliovutwa na wenzake kwa kamba, juu ya ardhi inayochubua, pengine mara saba kabla mwongozaji hajaridhika. Baadaye kijana mmoja mbele ya kompyuta anafuta waya na kuweka mzizi mahali pake. Mzizi ni waya uliovikwa nguo.

Basi nikimsifu fundi wa picha hizi, wa kwanza kwangu ni yule asiyeonekana uso. Stelingi analipwa kwa uso wake. Huyu analipwa kwa mgongo, tena mara nyingi tunamwona kwa nyuma, anatoweka ndani ya majani, na baada ya nusu saa anarudi na kofia nyingine kufa upya.

Nisije nikaonekana nimelewa mapenzi. Mazungumzo ya picha hizi yanachosha. Mtu anasimama katikati ya hatari kueleza dawa inavyofanya kazi, na mizizi, kwa adabu isiyotarajiwa, inamsubiri amalize. Machozi ya baba na mwana yanakuja kwa ratiba kama treni. The Wandering Earth ilipotoka mwaka 2019, kutoka kwenye hadithi ya Liu Cixin, iliwaonyesha Wachina kwamba nao wanaweza kuiangamiza dunia kwa fahari ya sinema kubwa, na baada yake kila mwenye kamera alitaka maafa ya dunia nzima, hata mwenye bajeti ya kuangamiza kata moja. Mimi ningependa waangamize hiyo kata. Mtaa mmoja, ngazi moja, mzizi mmoja chini ya mlango. Fundi mwenye shuka moja hatandiki vitanda vinne.

Lakini nirudi kibandani, kwa sababu kuna jambo nimeliruka. Mtafsiri wetu hakuwa mtu wa kunyamaza. Alitafsiri maneno, alitafsiri milio ya bunduki, alitafsiri hata mandhari, na katikati alipenyeza salamu kwa mdogo wake aliyekuwa anaolewa Jumamosi. Sauti halisi ya mkanda ilikuwa chini kabisa, kama redio ya jirani. Ila mzizi ulipomkamata yule askari, alikaa kimya. Nadhani alikuwa ameshaiona mara kadhaa alipokuwa akiitafsiri, naye alijua, kwa ufundi wake mwenyewe, kwamba pale hapana la kuongeza. Akaipandisha sauti ya mkanda. Kwa sekunde tatu au nne kibanda kizima kilisikia visigino vikikwaruza ardhi, na mtu akihema.

Kisha akarudi. "Haya," alisema, "huyo tumeshampoteza."