Mbolezi Isiyo na Maneno: Uhakiki wa Albamu ya Mwisho ya National Health

National Health, kundi la roki changamani lililoanzishwa Uingereza mwaka 1975, halikuwahi kupata umaarufu mkubwa. Albamu yake ya mwisho, D.S. al Coda (1982), ilirekodiwa baada ya kundi kuvunjika, kwa sababu moja tu: mpiga kinanda Alan Gowen alikuwa amefariki dunia Mei 1981 kwa saratani ya damu, akiwa na umri wa miaka 33. Tungo zote zilizomo ni zake.

Uhakiki huu unaichukulia albamu hiyo kuwa mbolezi. Mtaalamu wa fasihi simulizi atapinga, na ana hoja: mbolezi humtaja marehemu, humsifu na kumlilia kwa kinywa. Hapa hakuna sifa wala kilio. Wimbo wa kwanza una uchangamfu unaokaribia mzaha.

Hata hivyo, maombolezo yamo katika suala la nani anapiga nini. Dave Stewart alipojitoa mwaka 1979, Gowen ndiye aliyeshika nafasi yake. Sasa mrithi amekufa, na aliyerithiwa amerudi kukikalia kiti kilekile, akipiga tungo za mwenzake. Jina la albamu limebeba hali hiyo: katika maandishi ya muziki, maneno hayo humwamuru mpigaji arudi penye alama, kisha aruke hadi mkia wa wimbo. D.S. ni pia herufi za mwanzo za jina la Stewart, jambo ambalo ni vigumu kuliita sadfa.

Swali gumu zaidi ni iwapo Stewart amemtendea haki marehemu. Gowen alikuwa na mtindo wa kuipinda sauti ya kinanda cha umeme, ikateleza kama ya mtu anayesitasita kabla ya kusema. Stewart ni nadhifu, na vidole vyake havisiti. Baadhi ya wasikilizaji wataona kwamba unadhifu huo umeziparuza tungo ulaini wake, na katika vipande vyenye kasi nakubaliana nao. Lakini katika Arriving Twice, utungo mfupi ambao Gowen aliwahi kuurekodi na kundi lake la Gilgamesh mwaka 1975, Stewart hajaribu kuuiga mtelezo ule. Anaupiga utungo kwa upole, na anayeijua rekodi ya awali atausikia mkono usiokuwapo.