Kiswahili cha Mipangilio

Katika gazeti letu tumekwisha kuhakiki riwaya, nyimbo za kwaya na ngano za wazee. Mara hii naomba nafasi nihakiki maandishi ambayo kila mmoja wetu anayasoma kutwa mara kumi bila kuyaita maandishi. Nasema yale maneno ya simu yenyewe: yale inayokuandikia inapotaka kusasishwa, inapoomba ruhusa, inapokuonya. Yana waandishi, hata kama hawakuweka majina. Yana mtindo, yana msamiati, na yana madhara. Basi nayo yahakikiwe.

Kwa kazi hii niliiweka simu yangu katika Kiswahili kwa wiki mbili. Hapa Nakivale karibu kila Mkongomani ninayemjua ameiweka yake katika Kifaransa au Kiingereza, hata yule ambaye Kifaransa chake kiliishia darasa la nne. Nilipouliza kwa nini, jibu lilikuwa lile lile: "Kiswahili ya mu telefone iko nguvu." Yaani lugha tuliyonyonya nayo maziwa inatushinda mara tu ikiingia kwenye kioo. Wengi husema kosa ni la maneno mapya. Mimi nimesoma na nimefika pengine.

Nianze na maneno mapya yenyewe, kwa sababu yanaonewa. "Sasisha" ni neno zuri. Limetoka kwenye "sasa": kukifanya kitu kiwe cha sasa. Ukishaelezwa mara moja huwezi kulisahau, na ni fupi kuliko "mise à jour" yetu. "Sakinisha" ni zuri zaidi, na sijui kama waliolichagua waliwahi kuwafikiria watu kama sisi. Mzizi wake ni ule ule wa maskani. Kusakinisha programu ni kuipa mahali pa kukaa. Simu ya elfu themanini inaweza kumsakinisha mgeni kwa dakika moja, sisi wengine tumengoja miaka! Hata "skrini ya kwanza" naipenda. Kiingereza pale kinatumia neno la nyumbani. Mfasiri wetu amekataa kuuita ukurasa wa vidude vya kugusa nyumbani, akasema tu ni ya kwanza. Sawa kabisa.

Watu hawa hawakuanza jana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, wakati wengi wetu hatujagusa hata simu ya batani. Kuna kazi ya heshima nyuma ya maneno haya, na mtu anayecheka "sasisha" huku akisema "kuapdeti" simwelewi.

Tatizo lipo kwenye maneno rahisi.

Mfano wa kwanza ni mdogo. Programu ikitaka kuona orodha ya majina na namba za watu wako, simu inauliza kama unairuhusu ifikie "anwani zako". Sasa mwulize mkimbizi anwani yake. Kwetu anwani ni karatasi ya ofisini: kijiji, zoni, namba ya familia. Kijana mmoja aliniambia anakataa kila mara, kwa sababu hataki simu ijue anapolala. Akikataa, WhatsApp inamwonyesha namba tupu bila majina, naye anadhani simu imeharibika. Hakuuliza maana ya neno, kwa sababu neno analijua.

Mfano wa pili si mdogo, na ili uueleweke inabidi nieleze kwanza njia ambayo sasisho hupita. Google hutoa toleo jipya la Android karibu kila mwaka. Toleo hilo haliji moja kwa moja mkononi mwako. Linapita kwanza kwa watengenezaji wa chipu, halafu kwa kampuni iliyounda simu, kila mmoja akilirekebisha lifae vyombo vyake. Kampuni ikiona simu yako ni ya bei ya chini na imekwisha kuuzwa, mara nyingi safari ya sasisho inaishia hapo. Mwaka 2023 Google iliziahidi Pixel 8 masasisho ya miaka 7. Simu nyingi zinazofika katika maduka yetu hazina ahadi ya namna hiyo, na nyingi zinafika tayari zimetumika na mtu mwingine. Ukibonyeza kutafuta sasisho, simu inakujibu kwa utulivu kwamba mfumo wako umesasishwa. Maana yake ni kwamba hakuna anayekuletea kitu tena, lakini sentensi inasikika kama sifa. Hapo lugha haijakosea sarufi hata herufi moja, na bado imedanganya.

Huku nyuma programu zinasonga mbele. Android 4.4 ilitoka 2013. Kufikia 2023 Google iliacha kuzihudumia simu za toleo hilo kwa huduma zake za Play, na WhatsApp nayo ikazifungia mlango simu za Android 4. Kwa mtu wa mjini hiyo ni sababu ya kununua simu nyingine. Kwa mama mmoja jirani yangu ilikuwa ni kukatwa na Fizi.

Alikwenda kwa fundi. Fundi alikuwa kijana mwaminifu, hilo niliseme mapema. Alipata faili la toleo jipya kidogo la aina ile ile ya simu, na kabla ya kuliingiza alitaka kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Kwa desturi yake akampa mama simu mkononi, asome na abonyeze mwenyewe. Kioo kiliandika kwamba data yote itafutwa.

Mama akasoma, akacheka. "Data yangu ilishaisha tangu jana, baba. Ifute tu."

Msomaji, wewe unajua data ni nini hapa. Data ni bando. Ni ile unayonunua kwenye kibanda, mega mia, inaisha kabla hujamaliza salamu. Hakuna mtu katika soko letu anayetumia neno hilo kwa maana nyingine. Ni kweli kwamba chini ya onyo kulikuwa na orodha, na picha zilitajwa. Lakini mama hakuwa na picha. Alikuwa na sauti za WhatsApp za mwanawe aliyebaki, za miezi mingi, na hakuna mahali palipoandikwa "sauti". Simu ilipowaka tena, toleo lilikuwa jipya, WhatsApp ilikubali, namba zilizokuwa kwenye laini zilirudi. Sauti hazikurudi. Kuhusu hizo sauti sitaandika zaidi, ni zake.

Nimelifikiria sana onyo lile kama mhakiki. Kama kioo kingesema neno gumu, hata neno la kuchekesha lililotungwa na kamati, mama angeuliza. "Fundi, hii ni kitu gani?" Neno gumu linamsimamisha msomaji. Neno analolijua kwa maana nyingine linampitisha mlangoni huku akitabasamu. Mfasiri alipofika kwenye "data" alidhani amefika kwenye usalama: neno la kimataifa, halihitaji kazi. Kumbe ndipo kazi ilipokuwa. Sentensi niliyoitaka haihitaji hata kamusi: "Picha, sauti na meseji zote zilizo ndani ya simu hii zitapotea, hazitarudi." Ni ndefu kidogo kwenye kioo kidogo. Ipunguzwe herufi, itoshe.

Kuna wanaosema dawa ni kuacha mfumo wa kiwanda na kuweka wa kwako. Naheshimu wazo hilo, na lina historia. Kuanzia 2009 Steve Kondik na wenzake walijenga CyanogenMod, mfumo uliotoka kwenye msimbo wazi wa Android, watu wakauweka kwenye simu ambazo viwanda vilikuwa vimezisahau. Ulipofungwa mwishoni mwa 2016, wafuasi wakauendeleza kwa jina la LineageOS, ambao upo mpaka leo na tafsiri zake hufanywa na watu wa kujitolea. Kwa hiyo hata wewe unaweza kuandika onyo upya. Lakini simu nyingi za bei yetu hazimo katika orodha yao. Na hata ile iliyomo, ili uufungue mlango wa kiwanda lazima uguse "Nambari ya muundo" mara saba, simu ikushangilie: "Sasa wewe ni msanidi programu!" (Sentensi hiyo naipenda kama shairi baya. Mtoto wa jirani aliigusa kwa bahati, akaja kuniuliza mshahara unalipwa lini.) Baada ya sherehe hiyo, kulifungua kufuli la kiwanda kunafuta kila kitu kilichomo. Tumerudi kwenye onyo lile lile.

Niulize pia: onyo hilo tuliandike kwa Kiswahili kipi? Kuna hazina ya Unicode iitwayo CLDR, ambako simu na kompyuta za dunia nzima huchota majina ya siku na ya miezi. Kwa muda humo Kiswahili cha Kongo kilisimama chenyewe, kwa msimbo wa swc. Jumapili ilikuwa "siku ya yenga". Januari ilikuwa "mwezi ya kwanja". Baadaye kikawekwa kuwa tawi la Kiswahili kimoja, pamoja na cha Kenya na cha Uganda. Nilipoiona ile "siku ya yenga" nilifurahi kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni. Ile "kwanja" ikanikera, maana mimi wa Uvira nasema kwanza. Hapo nikaelewa kwamba hata tukipewa sisi kalamu, tutagombana, Bukavu na Uvira na Bunia, na wasomaji wetu wa Burundi watatuuliza wao wako wapi. Ugomvi huo nautaka. Ni ugomvi wa watu wanaoulizwa.

Yule fundi hakungoja. Amekata boksi la simu, ameandika kwa kalamu nene na kulitundika juu ya meza yake: "Nikiflashi, masauti na mapicha na mameseji byote binapotea. Ulishabitosha?" Siku hizi hamgusii mtu simu kabla hajaisoma kwa sauti. Asiyejua kusoma, anamsomea yeye, halafu anamwuliza amwambie kwa maneno yake mwenyewe nini kitapotea.