Tamaa na Usanii katika Hyouge Mono

Mfululizo wa filamu za vibonzo uitwao Hyouge Mono ulionyeshwa na NHK, shirika la utangazaji la Japani, kuanzia mwaka 2011 hadi 2012. Sehemu zake 39 ziliongozwa na Mashimo Koichi, na chanzo chake ni hadithi ya picha ya Yamada Yoshihiro, iliyopata Tuzo Kuu ya Tezuka Osamu mwaka 2010. Mandhari yake ni Japani ya karne ya 16, wakati makabaila walipopigania utawala wa nchi nzima. Mhusika mkuu, Furuta Sasuke, ni mtu wa historia, ajulikanaye zaidi kwa jina la Furuta Oribe.

Dhamira kuu ya kazi hii ni uhusiano baina ya usanii na tamaa. Furuta ni askari wa cheo cha wastani, amekwisha pita miaka 30, wala hana ushindi mkubwa wa kujivunia. Moyo wake umegawanyika: nusu yataka madaraka, nusu yapenda vyombo vya chai. Ni rahisi kudhani kwamba nusu ya kwanza ni uovu na ya pili ni wema. Mtunzi haukubali mgawanyo huo. Katika enzi ya Oda Nobunaga vyombo vya chai vilitolewa kama tuzo za vita, na chombo kimoja mashuhuri kiliweza kuthaminiwa sawa na ardhi. Kwa hiyo jicho la Furuta la kisanii ni jicho la tamaa pia: akiona bakuli zuri hulistaajabia na kulitamani papo hapo.

Mgogoro huu wadhihirika tangu mwanzo. Mwaka 1577 Matsunaga Hisahide, aliyemwasi Nobunaga, alitakiwa kusalimisha birika lake liitwalo Hiragumo. Alikataa, akafa. Methali isemayo "Tamaa mbele, mauti nyuma" ingetosha kumhukumu. Hata hivyo, filamu yampa hadhi ya mtu aliyekijua akipendacho. Furuta, aliyetumwa kumshawishi, hana hakika hiyo. Na kuikosa katika umri wake ni jambo zito.

Mgogoro wafikia kilele kwa Sen no Rikyu, mwalimu wa sanaa ya chai. Historia yamtaja Akechi Mitsuhide kuwa ndiye aliyemshambulia Nobunaga mwaka 1582; filamu yabuni njama ambayo Rikyu ni mshiriki wake. Ubunifu huu ni wa kijasiri na una maana. Rikyu apenda bakuli jeusi na chumba kidogo kisicho na pambo, lakini unyenyekevu huo wenyewe wageuka kuwa shauku ya kuyatawala macho ya watu wote. Udhaifu wake ni kwamba historia yaonekana kuendeshwa na ladha za watu wachache, huku wakulima, ambao jasho lao liligharimia vita na vyombo hivyo, wamesukumwa pembeni.

Jina la kazi lafaa kuzingatiwa. Hyougemono ni mtu au kitu cha mzaha. Mwaka 1599 mfanyabiashara Kamiya Sotan alilitumia neno hilo katika shajara yake kulieleza bakuli lililopinda aliloliona kwa Oribe. Filamu, hata hivyo, yakoma kwenye kifo cha Rikyu, aliyeamriwa na Toyotomi Hideyoshi kujiua mwaka 1591. Vyombo vya rangi ya kijani na maumbo yaliyopotoka, vinavyoitwa kwa jina la Oribe hata leo, bado havijazaliwa.

Mwisho huo waweza kuonekana pungufu, lakini waafikiana na dhamira. Mwanafunzi akaribiaye miaka 50 ameachwa bila mwalimu, na hawezi tena kusifiwa kwa kuiga. Rikyu alitafuta ukamilifu. Furuta atatafuta kicheko. Amri kama iliyomwua mwalimu itamfikia naye mwaka 1615, lakini kwa wakati huo atakuwa na kitu kilicho chake.