Nani Aliyeiunda Akili Unde? Istilahi, Upagazi na Maadili ya Mashine katika Muktadha wa Kariakoo

Ikisiri

Makala hii inahakiki istilahi za Kiswahili zinazotaja akili ya mashine kwa kuzisoma sambamba na jina la Kariakoo. Inajenga hoja kwamba istilahi ya bandia huelekeza mjadala wa maadili kwenye uhalisi wa mashine na kuifunika kazi ya watu walioiwezesha, ilhali unde huacha nafasi ya kumuulizia mtendaji.

1.0 Utangulizi

Akili bandia, akili mnemba na akili unde ni istilahi tatu zinazotumika leo kwa dhana moja. Mjadala kuzihusu kwa kawaida huegemea vigezo vya usanifishaji, kama vile ufupi, uwazi na kukubalika kwa watumiaji. Vigezo hivyo ni vya lazima, lakini havitoshi pale ambapo dhana yenyewe imebeba mgogoro wa kimaadili. Istilahi huchangia pia kuamua swali litakaloulizwa kwanza.

2.0 Bandia Sokoni

Katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, bandia ni neno la tahadhari. Simu bandia au kipuri bandia ni bidhaa inayojifanya kuwa nyingine, na mnunuzi hujihami kwa kuuliza iwapo ni halisi. Neno hilo linapohamishiwa kwenye akili, huja na swali hilohilo. Mjadala hujikita katika kama mashine inafikiri kweli, kama insha ya mwanafunzi ni yake, kama sauti iliyosikika ni ya mtu. Maswali hayo ni mazito. Hata hivyo, bidhaa inaweza kuwa halisi na bado walioizalisha wakawa wamenyonywa. Uhalisi hausemi lolote kuhusu ujira.

3.0 Roboti na Kariakoo

Historia ya maneno mawili inaonyesha kilichofunikwa. Roboti limetokana na tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920, na asili yake ni neno la Kicheki robota, yaani kazi ya shuruti. Roboti wa Čapek si mitambo ya chuma, bali ni viumbe waliotengenezwa ili watumike bila kudai chochote, na hatimaye huasi. Kariakoo nalo ni utohozi wa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wengi wao walichukuliwa kwa nguvu, wakabeba chakula na silaha, na maelfu wakafa kwa maradhi na uchovu. Utohozi huo umekamilika kiasi kwamba msikilizaji wa leo husikia soko, hasikii mzigo.

Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa katikati ya jiji hilohilo mwaka 1927, huwakumbuka wapagazi hao katika maandishi yake kuwa miguu na mikono ya jeshi. Sitiari hiyo ni ya heshima, lakini inawagawa watu: wapagazi ni viungo, na kichwa kiko kwingine.

4.0 Viungo vya Mashine

Mgawanyo huo haukuishia vitani. Januari 2023, jarida la Time la Marekani liliripoti kwamba wafanyakazi jijini Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama, walilipwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na udhalilishaji wa kingono, ili ChatGPT ya OpenAI ifundishwe kuyaepuka. Akili ilihesabiwa kuwa ya mashine, ilhali macho yaliyosoma yalikuwa ya watu.

Hapa ndipo mofolojia ya unde inapofaa. Kiambishi tamati -e hunominisha mtendwa: mtume kutokana na tuma, mteule kutokana na teua, kiumbe kutokana na umba. Kwa mkondo huo, unde hutokana na unda, kitenzi ambacho katika mwambao huhusishwa hasa na vyombo vya baharini. Kilichoundwa kina waundaji, na chombo hakiundwi na nahodha peke yake.

Pingamizi lipo. Umbo la mtendwa linaweza pia kumficha mtendaji, kwani neno mtume peke yake halimtaji aliyemtuma. Aidha, hakuna istilahi inayoongeza mshahara. Hata hivyo, unde huliacha pengo la mtendaji wazi, ilhali bandia hulifunika kwa swali jingine.

5.0 Hitimisho

Kuchagua unde hakutoshi endapo fasili itabaki ileile. Fasili inayosema kwamba akili unde ni uwezo wa kompyuta kufanya kazi zinazohitaji akili ya binadamu inamtaja binadamu kama kipimo tu. Kamusi za Kiswahili zinapaswa kuongeza kwamba uwezo huo hujengwa kwa data na kazi ya watu. Miongoni mwao wamo wazungumzaji wa Kiswahili wanaojitolea kurekodi sauti zao katika mradi wa Common Voice wa Mozilla. Bila nyongeza hiyo, akili unde inaweza kuzoeleka kama Kariakoo lilivyozoeleka, yaani jina linalotamkwa kila siku bila waliobeba mzigo kukumbukwa.