Bobby Fischer alikataa kucheza: alikuwa na haki ao aliogopa?



Siku ya posho iliyopita umeme ulirudi saa mbili usiku, na sisi watu wanne tukaangalia ile filme ya Edward Zwick ya mwaka 2014, Pawn Sacrifice, ambayo kwa Kifaransa inaitwa Le Prodige. Filme yenyewe ilikwisha mbele ya saa tano. Mabishano yalikwisha nyuma ya saa saba, tena yalikwisha tu juu jirani aligonga ukuta. Mmoja wetu alisema Fischer ni mwoga aliyejificha nyuma ya masharti. Mwingine akasema hapana, ni mtu pekee aliyekataa kuchezeshwa na wakubwa. Niliwaahidi nitaandika mawazo yangu hapa kwa utulivu. Basi, haya ndiyo.

Nianze na filme. Ni kazi nzuri, sikatai. Tobey Maguire anacheza Fischer kwa macho yasiyotulia, mtu anayefungua simu kutafuta vyombo vya kumsikiliza. Liev Schreiber anacheza Boris Spassky kwa maneno machache, na ule utulivu wake unasema mengi. Hata mtu asiyejua sataranji, ile tunaita eshek, anaelewa kwamba mwaka 1972, kule Reykjavik, Marekani na Urusi ya Kisovieti walikuwa wanapigana juu ya meza moja yenye viraba 64.

Lakini filme inatufanyia ujanja. Inafanya mchezo wa sita kuwa kilele: Fischer anashinda vizuri hata Spassky mwenyewe anapiga makofi. Ile ilitokea kweli. Ila pale Fischer alikuwa anaongoza kwa pointi moja tu, 3.5 kwa 2.5. Ilibaki michezo mingine 15. Mechi ilikwisha tarehe 1 mwezi wa 9, na Spassky alikubali kushindwa kwa simu, bila kurudi ukumbini. Halafu, yale ya nyuma, miaka 20 ya kutocheza, filme inayamaliza kwa maandishi machache na picha za zamani. Yaani inafunga mlango mahali ambapo swali letu linaanza. Kushinda kwake kila mtu anakuelewa. Kukataa kwake ndiko kunatusumbua, na filme inaruka pale.

Sasa tuangalie mambo yenyewe. Fischer alizaliwa Chicago mwaka 1943, akakomalia Brooklyn na mama yake Regina na dada yake Joan. Alijifunza mchezo akiwa na miaka 6. Kwa miaka 14 alikuwa bingwa wa Marekani, kwa miaka 15 alikuwa gran metre. Mwaka 1971, katika kutafuta nani atampinga Spassky, alimpiga Taimanov 6 kwa 0, akampiga Larsen 6 kwa 0, halafu Petrosian, aliyekuwa bingwa wa dunia mbele ya Spassky, akamshinda 6.5 kwa 2.5. Kwa kiwango kile, kumshinda mtu mara sita bila hata sare moja ni kitu ambacho hakionekani.

Lakini kukataa hakukuanza mwaka 1975. Mwaka 1967, hapa hapa Afrika, kule Sousse katika Tunisia, Fischer alikuwa anaongoza mashindano akaondoka juu ya mabishano ya ratiba na siku zake za ibada. Na mwaka 1972 kwenyewe alipoteza mchezo wa kwanza, wa pili hakutokea, akawa nyuma 2 kwa 0. Angalirudi nyumbani pale, kama Spassky hangaliitika mchezo wa tatu uchezwe katika chumba cha pembeni, mbali na kamera. Spassky alikuwa na ruhusa yote ya kusema hapana. Aliitika juu alitaka kucheza. Wandugu, mkumbuke ile, nitairudilia.

Halafu inakuja 1975. Mpinzani mpya alikuwa Anatoly Karpov, kijana wa miaka 23, aliyemtoa Korchnoi kwa ushindi 3 kwa 2, na sare 19. Fischer alitoa masharti yake kwa FIDE, shirikisho la dunia. Makubwa yalikuwa matatu: moja, mshindi ni yule anayefikisha ushindi 10, sare zisihesabiwe, mbili, michezo isiwe na kikomo, tatu, wakifika 9 kwa 9, mechi inakwisha na bingwa anabaki na taji.

FIDE iliitika la kwanza. Kikomo, kwanza ilisema michezo 36, lakini katika mkutano wa pekee kule Bergen, Uholanzi, mwezi wa 3 mwaka 1975, ikaondoa kikomo. Ni lile la tatu peke yake lililokataliwa. Fischer hakusogea. Tarehe 3 mwezi wa 4 Karpov akatangazwa bingwa bila kusukuma hata askari mmoja mbele ya mtu.

Wale wanaomtetea Fischer wako na hoja nzito, na sipendi watu wanaozicheka. Wanasema: mbele yake, mechi ilikuwa michezo 24, na bingwa alibaki na taji kwa 12 kwa 12. Fischer mwenyewe mwaka 1972 alilazimika kupata 12.5, wakati Spassky alihitaji 12 tu. Kwa hiyo faida ya bingwa ilikuwako zamani. Tena kwa mfumo wa zamani, ukiongoza pointi moja unaweza kulala, unatafuta sare tu mpaka mwisho. Kwa mfumo wa Fischer hakuna kulala. Bingwa mwenyewe anapaswa kushinda mara tisa kweli kweli. Hoja hiyo naikubali nusu.

Nusu ya pili tuipige hesabu. Kwa mfumo wa zamani, mpinzani anachukua taji kwa kumpita bingwa kwa mchezo mmoja. Kwa sharti la 9 kwa 9, ushindi wa 10 kwa 9 hauwezekani, juu mechi imekwisha kwa 9 kwa 9. Basi mpinzani anapaswa kushinda 10 kwa 8 ao zaidi, yaani kumpita bingwa kwa michezo miwili. Bingwa yeye anatosheka na kulingana. Ile si kurudisha desturi ya zamani, ni kuiongeza mara mbili. Sisi tuliofanya majaribio shambani tunajua: ukitaka kulinganisha mbegu ya zamani na mbegu mpya, huwezi kusema mbegu mpya ipite kwa mifuko miwili ndiyo tuiamini, halafu ya zamani ibaki hata wakilingana. Ukifanya vile, ulikwisha kuchagua mbele ya kupanda.

Na kuhusu kikomo, historia ilifanya jaribio yenyewe. Nyuma ya Fischer, FIDE ilichukua sehemu ya wazo lake: mechi bila kikomo, mpaka ushindi 6. Mwaka 1978 kule Baguio, Karpov alimshinda Korchnoi 6 kwa 5, kukiwa sare 21. Ilifaulu. Lakini mwaka 1984 Karpov na Kasparov walianza mechi kama ile, wakacheza michezo 48 kwa miezi mitano, na mwezi wa 2 mwaka 1985 rais wa FIDE, Campomanes, akaisimamisha bila mshindi, Karpov akiwa na 5 na Kasparov 3. Kama ushindi 6 umeshindikana kwa michezo 48, ushindi 10 je? Wale wajumbe wa FIDE walioogopa mechi isiyokwisha hawakuwa wajinga.

Rafiki yangu anasema: lakini angalia Muhammad Ali, naye alikataa, na sisi tunampenda. Kweli, na mfano huo uko karibu nasi. Tarehe 30 mwezi wa 10 mwaka 1974, miezi mitano mbele ya Karpov kutangazwa, Ali alimwangusha Foreman pale Kinshasa, kila mmoja na milioni 5 za dola alizoahidiwa. Manila nayo ilitoa milioni 5 kwa mechi ya Fischer na Karpov. Mobutu hapa, Marcos kule, wote wawili walitaka dunia iangalie inchi yao. Pesa ilikuwako, meza ilikuwako. Lakini Ali alikataa vita, hakukataa ngumi. Walimnyanganya taji mwaka 1967, na alipopewa ruhusa alirudi, akapigwa na Frazier mwaka 1971, akaendelea mpaka Kinshasa. Aliitika kuonekana akishindwa. Fischer, toka 1972 mpaka 1992, hakucheza hata mchezo mmoja wa mashindano mbele ya watu.

Sasa niseme jambo langu, juu bila hilo nitakuwa mwongo. Miaka michache iliyopita niliitwa kufanya mtihani wa kazi katika mradi mmoja wa kilimo. Nikasikia watu wanasema jina la atakayechukuliwa lilikwisha kuandikwa. Nikaandika barua: naomba karatasi zisahihishwe bila majina. Wakajibu, sawa, tutaweka namba. Nikatafuta sharti lingine. Siku ya mtihani nilibaki nyumbani, na kwa wote nilisema ni mambo ya msimamo. Mama mkubwa akaniuliza akiwa anachambua maharagi: "Mwanangu, na kama wangaliitika yote, ungalienda?" Sikumjibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa wa kwanza katika promosheni yetu, na nilikuwa nimekaa mwaka mzima bila kufungua daftari la udongo. Sikutaka kuwa wa tano mahali ambapo watu wananijua kama wa kwanza. Mwenzetu mmoja alienda, akashindwa. Alirudi na alama zake mkononi, akajua ni wapi pa kurekebisha. Mimi nilirudi na barua yangu nzuri.

Kwa hiyo swali la "haki ao woga" naona tuliliuliza vibaya ile usiku. Mtu anaweza kuwa na haki na kuogopa siku moja ileile. Fischer alikuwa na haki juu ya sare: mwaka 1962 alishitaki Wasovieti kwamba wanapangana sare kati yao, na FIDE ikabadilisha mfumo wa kumtafuta mpinzani. Kulalamika kwake kulisaidia wengine wote. Kipimo changu sasa ni hiki: wakikuitika sehemu, wewe unasogea? Spassky alisogea mwaka 1972, akaingia kile chumba cha pembeni, na ikamgharimu taji. FIDE ilisogea mara mbili. Fischer hakusogea hata kidogo. Mwaka 1976 alikutana na Karpov kule Japan, wakazungumza juu ya mechi, na haikufanyika. Anayekataa kwa sababu ya haki anaacha mlango mmoja wazi. Yeye kila mlango ulipofunguliwa alitafuta ufunguo mwingine.

Na aliyelipa si yeye peke yake. Karpov alipaswa kuishi na taji ambalo watu walilionyesha kidole, akacheza mashindano mengi kuonyesha anastahili. Wachezaji wote wakakosa mechi ambayo ingaliwafundisha. Shamba unaweza kulipumzisha, ni vizuri, udongo unapata nguvu. Lakini ukilipumzisha miaka 20 haliitwi tena shamba. Mwaka 1992 Fischer alirudi kucheza na Spassky kule Yugoslavia, kwa masharti yake yote, 9 kwa 9 ndani. Alishinda 10 kwa 5, sare 15. Inchi ile ilikuwa chini ya vikwazo, serikali yake ikamkataza, yeye akaitemea mate ile karatasi mbele ya waandishi. Toka pale hakurudi Marekani. Alikamatwa uwanja wa ndege wa Narita mwaka 2004, Iceland ikampa uraia mwaka 2005, akafia Reykjavik tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2008, na miaka 64.

Neno la mwisho ni juu ya chuki. Fischer aliwatukana Wayahudi kwa miaka mingi, yeye ambaye mama yake alikuwa Myahudi, na mwaka 2001 alisifu kwenye redio mashambulizi ya New York. Filme inataka tuone haya kama ugonjwa wa mtu mwenye akili nyingi. Hakuna kati yetu aliyempima, na kusema "alikuwa genii" si dawa. Yale maneno ni mabaya, basi. Lakini tusiyatumie pia kuhukumu 1975. Sharti la 9 kwa 9 lilikuwa baya juu hesabu yake ilikuwa mbaya. Lingalikuwa baya hata kama mtu mwema ndiye aliyeliomba.

Filme iangalieni, inastahili. Ila ikifika kwenye makofi ya Spassky, msilie sana juu ya Fischer. Mwangalieni anayepiga makofi: amepigwa mbele ya dunia nzima, na bado amekaa kwenye kiti.

Mwenye hesabu tofauti juu ya 9 kwa 9 ailete, nitaisoma. Mtihani mwingine wa kazi uko mwezi kesho. Nimekwisha kuandikisha jina.